Tupeni Leseni ya Mheshimiwa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA),
Nairobi.

MINT: OMBI LA KUCHEZA NDANI YA NGANYA, UMOJA HADI MURANG'A

Kwa heshima na taadhima, sisi kamati ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, tunaomba ruhusa. Jumamosi ijayo tunampeleka kijana wetu kwa wakwe, na tumekodi nganya, matatu iliyopambwa. Tungeweza kukodi basi la shule. Lakini hakuna mama wa Eastlands atakayeshona kitenge kipya na kukesha akisukwa nywele, halafu ashushwe langoni kwa wakwe kutoka kwenye basi la njano lenye wito wa shule ya upili ubavuni.

Nganya yenyewe ni ya viti 33. Upande mmoja amechorwa mwanasoka, upande wa pili mwimbaji marehemu. Ndani kuna runinga, taa za zambarau na spika ambazo zikigonga, meno ya bandia ya shangazi huitikia. Bei ilipanda kwa sababu gari lina jina mtaani. Arbuni tumetuma kwa M-Pesa, mafuta ni juu yetu, na dere na konda wameahidi kufika saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa mbili.

Sheria tumezisoma. Leseni ya matatu hulifunga gari kwenye njia yake. Likienda kwenye shughuli, liombewe kibali cha muda mfupi. Tutakiomba. Kuna pia kanuni za marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004: mkanda kwa kila abiria, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Michuki alikuwa mbunge wa Kangema, huko huko Murang'a tunakoelekea, na tungeona haya kuzivunja nyumbani kwake. Mwendo hatuna ubishi nao kabisa, tumezika watu wa kutosha. Mkanda tutafunga, ingawa wa matatu huguswa trafiki akionekana tu, na humwachia mtu mstari mweusi kifuani kama nishani.

Shida ni kucheza. Anayeinuka kitini kucheza ni abiria aliyesimama, na abiria aliyesimama ni kosa. Je, kucheza kwa mabega pekee, makalio yakibaki kitini, kunaruhusiwa? Tuna shangazi anayeweza. Tunajua pia kanuni za kelele za mwaka 2009. Spika tutapunguza, lakini tunao nyanya wawili ambao vigelegele vyao havina kitufe.

Tunauliza haya kwa sababu ya tunayoyaona Jogoo Road kila msimu wa kampeni. Hupita gari lenye tundu kwenye paa, na kwenye tundu hilo amesimama mheshimiwa, kiuno hadi kichwa nje, bila mkanda, akipunga mikono yote miwili. Spika zake huamsha watoto kutoka Kaloleni hadi Donholm. Vijana wananing'inia milangoni. Trafiki yupo, tena yuko mbele, anamfungulia njia. Nyuma ya msafara zinafuata nganya zile zile tunazokodi sisi, watu wakiwa hadi juu ya keria, na hatujawahi kuona moja ikisimamishwa iulizwe kibali cha muda mfupi.

Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliruhusu tena michoro ya matatu, tukaambiwa ni kazi ya vijana. Mwaka uliofuata tamthilia ya Sense8 ikaionyesha dunia matatu ya Nairobi, nasi tukajivuna. Kwa hiyo nganya ikipigwa picha ni utamaduni, ikitajwa jukwaani ni ajira. Inageuka kosa ikibeba mama wa Kayole aliyefurahi.

Ombi letu ni dogo. Hatutaki sheria ilegezwe. Tupeni leseni ile ile ya mheshimiwa, ya siku moja tu, hata bila tundu la paa. Na kama leseni hiyo haipo, kama naye husafiri hivi hivi tu, basi anzeni na yeye. Sisi tutangoja kwenye stage.

Tafadhali jibuni kabla ya Ijumaa. Wakwe hawangoji.

Wenu watiifu, wakiwa wameketi,
Kamati ya Ruracio,
Umoja, Nairobi.