Pongezi kwa Waliopanga Viti: Barua ya Wazi kwa Wenye Oscar

Kwa Bodi ya Magavana,
Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu,
Beverly Hills, California,
Marekani.

YAH: PONGEZI KWA MPANGILIO WA VITI, PAMOJA NA MAOMBI MADOGO KUHUSU KIBAO CHA BI HATTIE McDANIEL

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, mimi ni mtazamaji wenu wa siku nyingi, mkazi wa Dar es Salaam. Sina kura kwenye tuzo zenu, na filamu zenu nyingi nimezitazamia kwenye vibanda umiza, mtafsiri akituongezea maneno ambayo mwigizaji hakuyasema wala hakuyawaza. Najua pongezi hizi zimechelewa miaka mingi. Lakini nimeona kwenu kuchelewa ni sehemu ya utaratibu, nikapata moyo wa kuandika.

Nawapongeza kwa usiku wa tarehe 29 Februari 1940, ukumbi wa Cocoanut Grove, hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Usiku huo Bi Hattie McDaniel alishinda Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa nafasi ya Mammy, mjakazi wa akina Scarlett O'Hara katika Gone with the Wind. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyewahi kuishika tuzo yenu. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: hoteli mliyoichagua haikuwa ikipokea watu weusi, na mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, ilimbidi abembeleze ili mama huyu apite mlangoni. Kamati isiyo na uzoefu ingehamisha sherehe. Ninyi mkatafuta meza.

Na meza yenyewe! Ndogo, imesogezwa kwenye ukuta wa mbali, kaketi yeye, aliyemsindikiza na wakala wake. Selznick na waigizaji wenzake Hattie, Vivien Leigh na Olivia de Havilland, wako mezani kwao, mbele. De Havilland alikuwa akiwania tuzo hiyohiyo, kwa hiyo aliyeshindwa alikaa karibu na jukwaa na aliyeshinda akakaa karibu na ukuta. Huku kwetu hata kamati ya harusi iliyokwisha kula michango yote kwenye vikao haithubutu kumweka bibi harusi nyuma ya nguzo.

Jina lilipotajwa akainuka, maua meupe ya gardenia kichwani, akaukata ukumbi mzima akipita katikati ya meza ambazo yeye hakupangiwa. Kwenye shukrani zake alisema anatumaini daima atakuwa fahari kwa watu wa rangi yake na kwa tasnia ya filamu. Vivien Leigh naye alishinda usiku huo, na hakulazimika kuwa fahari ya Wazungu. Hattie akamaliza huku machozi yakimlenga, mkampigia makofi, kisha akarudi ukutani kwake. Viti vilikuwepo. Hamkutaka kumsumbua.

Tena kwa kulinganisha, mlikuwa waungwana. Filamu hiyohiyo ilipozinduliwa Atlanta tarehe 15 Desemba 1939, hakuhudhuria kabisa, kwa sababu sheria za ubaguzi za Georgia hazikuruhusu aketi na wenzake. Mwigizaji mwenzake Clark Gable akatishia kugoma, na ni Hattie mwenyewe aliyemsihi aende. Ninyi angalau mlimpa ukuta.

Msije mkadhani mlimwokota jikoni. Alizaliwa Wichita, Kansas, na wazazi waliowahi kuwa watumwa. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akakulia Denver, akiimba, akitunga nyimbo, akichekesha watu jukwaani. Mwaka 1914 yeye na dada yake walikuwa na kikundi chao cha maonyesho, cha wanawake pekee. Alirekodi santuri. Uchumi ulipoporomoka mwaka 1929 alikwama Milwaukee, akapata kibarua cha kuhudumia wanawake chooni kwenye klabu ya usiku ya Wazungu. Mwenye klabu alipokubali shingo upande kumwachia jukwaa, wateja wakamtaka tena na tena. Basi Hollywood ikampokea mwanamke huyu aliyejitoa chooni hadi jukwaani kwa sauti yake mwenyewe, ikamtazama juu hadi chini, ikaona hausigeli. Ikamfunga aproni, na aproni ile haikufunguliwa tena.

Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na wengine walimlaumu kwa kuikubali aproni hiyo. Inasemekana aliwajibu kuwa afadhali kuigiza hausigeli kwa dola 700 kwa wiki kuliko kuwa hausigeli kwa dola 7. Nyumbani kwake alikuwa mwenye nyumba hasa. Majirani Wazungu wa mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles, walipokwenda mahakamani kutaka weusi waondolewe, Hattie na wenzake waliwabwaga, mwaka 1945. Kisa hicho sijakiona kwenye orodha za tuzo zenu. Nadhani ni kwa sababu hakina jiko.

Sasa tuje kwenye kibao. Miaka ile waigizaji wasaidizi hamkuwapa sanamu ya yule bwana wa dhahabu, mliwapa kibao tu. Hattie alifariki tarehe 26 Oktoba 1952 kwa saratani ya matiti, akiwa ameusia kibao chake kiende Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Wathamini wa mirathi wakakiangalia, wakaandika kwamba hakina thamani. Nawaheshimu watu hao; ndio pekee katika kisa hiki walioandika walichokiona bila kutoa hotuba. Howard wakakipokea, wakakionyesha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikapotea. Palizuka uvumi kwamba wanafunzi waandamanaji walikitosa Mto Potomac. Profesa mmoja wa sheria akaufuatilia hadi mwisho, akakuta hauna mashiko.

Mwaka 2021 mlipofungua jumba lenu la makumbusho, mlipanga Oscar za washindi ndani ya vioo, na kioo kimoja mkakiacha kitupu kwa heshima ya Hattie. Nimekiwaza sana kioo kile. Kumheshimu mtu kwa kumwekea nafasi na kutokuweka kitu ndani kunahitaji ujuzi, na ninyi mlishafanya mazoezi tangu 1940. Tarehe 1 Oktoba 2023 mkapeleka Howard kibao kingine. Kumbe kuchonga kibao cha ukubwa ule huchukua miaka hamsini tu!

Halafu, waheshimiwa, kuna suala la nafasi za kazi. Mwanamke mweusi wa pili kushinda kwa uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991, akiwa mpiga ramli tapeli. Nikadhani mmefungua idara mpya. Mwaka 2010 Mo'Nique alishinda, akaja na gardenia kichwani, akamshukuru Hattie jukwaani kwa yote aliyoyavumilia. Miaka miwili baadaye akashinda Octavia Spencer. Hausigeli. Mwaka 2014 akashinda Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, na Afrika Mashariki nzima tukapiga vigelegele. Mtumwa, kwenye shamba la pamba. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Da'Vine Joy Randolph. Mpishi wa shule. Wapo na wengine, na si wote walioshika mwiko. Wote walistahili. Lupita katika 12 Years a Slave anapojitetea kwamba alitoka kwenda kuomba kipande cha sabuni tu, mimi huwa natazama pembeni.

Ila mwaka 2019 huyohuyo Lupita aliigiza katika Us, watu wawili kwa mpigo, mmojawapo mama mwenye mume, watoto na nyumba ya mapumziko. Wakosoaji wa filamu wa New York wakamtangaza mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Kwenu hata kuwania hakuwania. Pengine hamkumtambua bila aproni.

Kwa heshima, naomba ramani ya viti ya usiku ule wa 1940 iwekwe kwenye kioo, na ile meza ndogo ichorwe kwa wino mwekundu watoto waione. Pia nasikia mna sheria, iliyowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba mshindi haruhusiwi kuuza Oscar yake bila kwanza kuwapa ninyi nafasi ya kuinunua kwa dola moja. Kibao cha Hattie ni cha kabla ya sheria hiyo. Kile cha kwanza kikionekana, hata kama hakina thamani, mimi natoa dola mbili.

Ni mimi mtazamaji wenu,
Dar es Salaam.

Nakala:
Chuo Kikuu cha Howard, Washington – kwa taarifa, na kufuli.
Makaburi ya Hollywood, yaliyomkatalia kaburi mwaka 1952 na kumjengea mnara mwaka 1999, mwenyewe akiwa amelala Rosedale – kwa taarifa.
Hoteli ya Ambassador – imeshabomolewa, barua irudi kwa mtumaji.