Spika Mbili na Mtaa Mzima

Spika ya mlango wa gari haifi kwa siku moja. Huanza kwa kukwaruza kila msomaji wa habari anapotamka "s", baadaye ngoma zinaishinda, mwishowe inabaki kutetemeka tu. Mengi ya magari tunayoyapokea bandarini Dar es Salaam yameshatumika miaka mingi Japani kabla ya kupanda meli, na koni za spika zake aghalabu ni karatasi. Ile pete laini inayoishika koni ukingoni, iwe sponji au mpira, haipendi joto wala unyevu, na sisi vyote viwili tunavyo vya kumwaga. Gari langu lilifika na pete zimepasuka milango yote ya mbele. Redio nayo haikupanda zaidi ya 90, kwa kuwa FM ya Kijapani huanzia 76, ilhali stesheni zetu zinakaa kati ya 88 na 108. Nikanunua ekspanda, kile kidude cha kuyashusha masafa yaingie kwenye redio ya Kijapani. Stesheni zikapatikana, na zote zikakwaruza.

Fundi redio mmoja Gerezani alitaka elfu sitini ya ufundi. Spika zenyewe, jozi nzima, nilikuwa nimezipata kwa elfu themanini. Nikamwuliza hiyo kazi ni ipi hasa.

"Kufungua na kufunga tu, bosi."

Jibu kama hilo si la kumpa mtu mwenye bisibisi nyumbani.

Boksi la spika ni fasihi ya peke yake. Limeandikwa wati 500 kwa maandishi ya rangi ya moto. Pasi ya umeme ni wati elfu moja hivi, kwa hiyo jozi yangu, kwa hesabu ya boksi, ingenyoosha sare za shule za watoto wote huku nikisikiliza taarifa ya habari. Ukweli ni kwamba redio ya kawaida ya gari isiyo na amplifaya hutoa wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika ikiwa inapiga mfululizo, hata kama usoni imeandikwa 50 mara nne. Maandishi ya maana ni yale madogo ya ubavuni: omu 4, na kina cha sumaku. Sumaku ikiwa ndefu kupita kiasi, siku utakayoshusha kioo vitakutana humo ndani. Hayo yote niliyapima. Boksi halikusema chochote kuhusu mtaa.

Kwetu Tabata mtu akionekana ameinama mbele ya gari lililo wazi, hiyo ni mali ya umma. Jumamosi asubuhi niliegesha chini ya mwarobaini, na skrubu ya kwanza haijalegea nilikuwa na kamati. Muuza kahawa alihamishia birika lake kivulini kwangu. Mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi alileta kiti. Kijana wa bodaboda alisema kazi hii ameifanya sana, ila kwenye pikipiki. Shemeji yangu alikuwa anapita tu kuelekea harusini, na kanzu yake nyeupe, akasema atasimama kidogo.

Kava la mlango limeshikwa na skrubu chache zilizofichwa kwa ustadi: nyingine nyuma ya kifuniko cha mshikio, nyingine chini ya swichi za vioo. Zaidi ya hapo ni klipu za plastiki, na plastiki iliyopigwa na jua miaka yote hiyo haina subira.

"Shem, vuta kwa nguvu," alisema shemeji.

Klipu ziliruka kama bisi. Watoto walizikimbilia, na muuza kahawa akaanza kuzihesabu kwa sauti, jambo ambalo hakuna aliyemwomba.

Nyuma ya kava kuna shuka la nailoni lililobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka maisha. Kijana wa bodaboda alitaka tuitupe hiyo takataka. Hapo mzee wa duka alisimama kitini kabisa. Maji ya mvua, alieleza, hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango kila mara, ndiyo maana chini ya mlango kuna vitundu vya kuyatoa. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie kwa abiria. Ukiitupa, masika utaendesha miguu ikiwa majini. Nilikuwa upande wa mzee, na bado niko. Lakini gundi yake ni balaa. Kabla ya adhuhuri ilikuwa kwenye usukani, kwenye vikombe vya kahawa, kwenye kioo cha simu yangu, na, kwa njia ambayo mke wangu bado anaichunguza, kwenye mgongo wa kanzu ya shemeji.

Spika ya kiwandani haikufungwa kwa skrubu bali kwa riveti, kwa hiyo ikabidi tuazime drili ya mzee. Matundu ya spika mpya hayakulingana na ya mlango. Fundi seremala wa jirani akatukatia pete mbili za plaiwudi. Katika kufunga, skrubu moja ilimponyoka kijana wa bodaboda ikadumbukia tumboni mwa mlango. Alisema itatoka yenyewe.

Milango yote miwili ikawa tayari. Nikazungusha ufunguo. Sauti ya mwanamke ikasikika, safi, tamu, ya Kijapani.

Kijiwe kizima kilishangilia. Muuza kahawa alinipa mkono. Nilichukua muda kuwaeleza kwamba yule dada si wa spika zetu. Anakaa kwenye kijisanduku cha kulipia barabara za kwao, chenye kispika chake chenyewe, na kila ufunguo unapozungushwa huarifu kwamba kadi haijaingizwa. Huku hakuna wa kumwingizia; hata Daraja la Kigamboni, tunakolipa kupita, kadi hiyo isingemsaidia mtu. Katika gari zima, spika yake ndiyo pekee haijawahi kuumwa.

Basi tukaunganisha simu ya shemeji, na hapo kazi ikasimama kabisa, kwa sababu ilibidi kwanza kuamuliwa tujaribu kwa bendi gani. Mzee wa duka ni Msondo damu. Anaihesabu bendi yake tangu NUTA Jazz ya 1964 na haoni sababu ya kusikiliza kilichozaliwa baadaye. Muuza kahawa ni Sikinde, Mlimani Park, ya 1978, na kwake historia ya muziki inaanzia hapo. Sikinde ikapewa nafasi kwa kuwa kahawa ilikuwa yake. Magita yakaja yamechongoka, waimbaji wakasikika hadi pumzi, tarumbeta nazo zimo. Besi hakuna.

"Si nilisema?" alisema mzee. "Bendi haina besi."

Tukaweka Msondo. Nayo haina. Kimya kilichofuata kilikuwa cha heshima sana.

Dawa niliijua. Spika moja ikiunganishwa chanya kwa hasi, inavuta ndani wakati mwenzake anasukuma nje, na sauti nene zinauana hewani. Tulichomoa betri ya saa ya ukutani ya mzee, ya volti 1.5, tukaigusisha kwenye waya: koni ya kulia ikatoka nje kama inavyotakiwa, ya kushoto ikarudi ndani. Aliyeunganisha ya kushoto hadi leo hajajitokeza, ingawa gundi ya mgongoni inaonyesha aliegemea mlango gani.

Waya zikageuzwa. Besi ikaja, nayo ikaja na mlio wa chuma: ile skrubu. Mtoto mmoja alipendekeza tuitegee sumaku ya spika ya zamani iliyofungwa kamba. Wazo zuri, ila mlango wenyewe ni chuma. Sumaku ilikwenda sentimita chache ikang'ang'ania ukuta wa ndani, na kuibandua kulihitaji watu wawili na lugha isiyofaa mbele ya watoto. Mwishowe tulibandika donge la ile gundi nyeusi kwenye waya wa mwavuli, tukavua gizani. Tulichovua ni yeni moja, sarafu ya alumini nyepesi ya gramu moja, iliyosafiri bahari nzima bila kulipiwa ushuru. Watoto waliigombania hadi magharibi. Shemeji alifika harusini wakati wa kugawa soda.

Skrubu bado imo mlangoni. Kwenye mashimo ya barabara imetulia, kwenye Sikinde imetulia, lakini besi ya Msondo ikishuka chini inalia. Mzee wa duka anasema huo ndio ushahidi kwamba Msondo inafika pale ambapo wengine hawafiki. Muuza kahawa anasema Sikinde ni bendi ya watu wenye adabu, haigusi gari la mtu. Kila Jumamosi wananiomba nifungue mlango, waisikie tena.