Bahari Sebuleni Ipuli: Mwongozo kwa Wasiojihadhari

Kwanza, hongera. Mtu anayeishi Ipuli, Tabora, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam na mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, akaamua kuweka tangi la matumbawe sebuleni, hakosi ujasiri. Anachokosa ni hesabu ya lita.

Washauri hawatakosekana. Shemeji atakwambia anza na tangi dogo, ukizoea utaongeza. Mfuate, maana tangi dogo ndiyo njia fupi ya kumaliza jambo hili haraka. Chukua la lita 20, liweke dirishani, usubiri Septemba. Kwa jua la Tabora wakati ule, na upepo ule mkavu, tangi lisilo na kifuniko linaweza kupoteza lita nzima kwa siku. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita. Ukipoteza lita moja kati ya 20, umeshafika karibu 37, na kesho utaendelea kupanda. Lita hiyohiyo ikipotea kwenye tangi la 200, matumbawe hayatagundua. Ni vivyo hivyo kwa joto la mchana na kwa samaki aliyekufa nyuma ya jiwe bila mtu kumwona: amonia yake katika lita 20 ni msiba wa ukoo mzima. Kwa hiyo tangi dogo ni la mabingwa, na mabingwa hawasomi miongozo.

Umeshaelewa, unataka lita 200. Sasa chumvi. Unahitaji kilo 7, na hapa kila mtu wa Tabora mwenye kujua historia yake atapiga kifua: Uvinza si ipo? Ni kweli, chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa kubwa Unyanyembe tangu enzi za misafara, na ugali wetu hauna malalamiko nayo. Lakini matumbawe hayali ugali. Yanajenga mifupa yake kwa kalisi, na yanataka magnesi na madini mengine ambayo chumvi ya mezani haina ya kutosha. Chumvi ya akwariamu huuzwa kwa ndoo na inatoka mbali, na bei yake ni heri uiulize ukiwa umeketi.

Au ulete bahari yenyewe. Lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 205. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi, kwa hiyo unahitaji wapagazi saba na miezi miwili mitatu ya kutembea kutoka Bagamoyo. Halafu kila wiki mbili ubadilishe lita 30 hivi, yaani pagazi mmoja mwingine, na mwenzake nyuma yake, milele. Mtani wako Mzaramo atakaa barazani awahesabu wakipita.

Maji matamu angalau tunayo, tangu bomba la Ziwa Victoria lilipofika. Wakati wa kutegemea bwawa la Igombe peke yake, ukimwagia samaki maji ungeonekana umechanganyikiwa. Ila yana klorini. Usiyamimine moja kwa moja.

Kioo mpe fundi wa madirisha, lakini usimwache peke yake. Kwa sentimita 100 kwa 45 kwa 45 (hizo ndizo lita zako 200) mwambie milimita 8. Atakupa 5, kwa sababu ndicho kilichobaki kwenye madirisha ya mteja wa Kiloleni. Na silikoni: ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu huua samaki, naye fundi anayo nusu chupa anayotaka kuimaliza. Soma kopo mwenyewe. Tangi likishajaa, pamoja na mawe na mchanga, ni zaidi ya robo tani. Kabati la TV litakubali kwa muda, kisha litapiga magoti usiku wa manane. Tumia mninga, huu ndio mkoa wake.

Baada ya hapo unasubiri wiki 4 hadi 6 tangi likiwa halina samaki, bakteria wakijijenga. Wageni watauliza samaki wako wapi. Samaki wakija, wageni haohao watauliza, "Hawa mnawala lini?" Majibu yote mawili yaandae mapema.

Matumbawe yenyewe sijayagusa, na wewe usiyaguse. Kuyang'oa baharini bila kibali ni kosa, na yale magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Kwa hiyo mpango wangu kwa mtu wa Ipuli ni huu: geuka upande wa pili wa reli. Kigoma iko kama kilomita 400, na samaki wa mawe wa Ziwa Tanganyika wana rangi za kuwatoa watu machozi Ulaya, bila hata kijiko cha chumvi. Wale wadogo wa *Neolamprologus multifasciatus*, wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, hawafiki urefu wa kidole chako, na lita 60 zinawatosha. *Tropheus* ni wagomvi. Wanataka kundi kubwa na lita 300 ili ugomvi ugawanyike. Frontosa mwenye nundu hufika sentimita 30, na lita 400 kwake ni chumba cha kupanga. Weka mawe ya chokaa, maana maji ya ziwa lile yanakaribia pH 9.

Nunua kwa mwenye kibali. Samaki wasilishwe siku moja kabla ya safari, mfuko uwe theluthi maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi lililofunikwa. Abiria mwenzako akiuliza umebeba nini, mwambie samaki. Akiuliza kilo unauzaje, badilisha behewa.