Nimevuka Maji Kwenda Kula Viazi

Mke wangu ana ugonjwa wa simu. Jioni, vyombo vikishaoshwa, huketi barazani akatazama watu wasiomjua wakila vyakula ambavyo hawatampa. Siku moja akanisukumia simu mpaka puani. Mzungu, shati limemganda kwa jasho, amesimama Forodhani kule Unguja na bakuli la kitu cha manjano, amefumba macho kama anaombewa dua.

"Urojo," akasema mke wangu.

"Si kama viazi vya rojo vya pale Kengeleni?"

"Si kama hivyo." Akalisema kwa sauti ambayo mume mwenye miaka ishirini na miwili ya ndoa haijibu. Basi tukasafiri.

Niseme mapema kwamba sisi wa Frere Town, Mombasa, hatuna haja ya soko la watu. Kongowea iko mlangoni. Alfajiri, kabla ya adhana, malori ya viazi na vitunguu kutoka bara yameshaziba njia, mikokoteni inakuchuna visigino, na mtu anapiga kelele umpishe hali umeshabanwa ukutani, huna pa kumpishia. Mtu aliyekulia kando ya soko kama lile kulipa nauli akatazame soko jingine ni sawa na muuza maji kwenda kutalii mfereji wa jirani. Nililisema hilo nyumbani. Nikaulizwa kama nimeshapiga pasi shati la safari.

Tukavuka daraja la Nyali, tukakata kisiwa, tukavuka feri ya Likoni, ambayo mwenye miguu yake hupita bure, nami nilidhani huo ndio utaratibu wa vyombo vya majini duniani. Basi likatupeleka Lunga Lunga, tukagongewa mihuri, tukaingia Horohoro, tukapita Tanga tumelala, tukafika Dar es Salaam shingo zimekataa kunyooka. Dirishani kwa tiketi za boti kuna bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Nikamwaga Kiswahili changu chote, hata misamiati ninayoiweka kwa ajili ya harusi. Kijana akanisikiliza kwa heshima, akaniambia, "Kiswahili chako kizuri sana, kaka. Kitambulisho?"

Nililipa bei ya mgeni. Sijapona.

Kosa langu jingine lilikuwa la hesabu. Shilingi yetu ilikuwa inakwenda karibu na ishirini za kwao, kwa hiyo nilibadilisha elfu kumi nikarudishiwa bunda la karibu laki mbili. Nikatembea Mji Mkongwe kifua mbele kama mtu aliyeuza shamba. Utajiri huo ulidumu mpaka Darajani, chini ya paa la soko la mwaka 1904, nilipoinua doriani moja nikauliza bei.

"Elfu kumi na tano."

Nikashika nguzo. Kwetu hiyo ni kodi ya nyumba ya mwezi. Mke wangu akanong'ona, "Gawanya kwa ishirini," lakini moyo haugawanyi kwa ishirini, moyo umesikia elfu kumi na tano na umeshaanza kwenda mbio.

Nikatumia mbinu ya Kongowea, ambayo haijawahi kuniangusha: unacheka kwa dharau, unaweka kitu chini, unaondoka, unaitwa. Nikacheka, nikaweka, nikaondoka. Hatua tano. Kumi. Nikapita wauza viungo, nikafika kwenye kuku, bado sijaitwa. Nikasimama mbele ya matenga nikijifanya nawachagua. Mwishowe nikarudi.

"Umerudi, kaka? Karibu tena." Bei ilikuwa haijatikisika hata kwa shilingi mia.

Nilijifariji kwa historia. Januari 1873 aliyetuachia jina la mtaa, Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alifika pale pale Unguja kumtaka Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Barghash akakataa. Frere akaondoka bila saini, na mkataba haukupatikana mpaka Juni, konseli wa Uingereza, John Kirk, aliporudi mezani na tisho la manowari. Soko lenyewe la watumwa lilikuwa Mkunazini, hatua chache kutoka pale niliposimama na doriani yangu, na leo juu yake pana kanisa kuu la Kianglikana. Tuliingia. Huko sikuwa na la kunung'unika. Watu walionusurika na majahazi ndio walioanzisha mtaa wetu mwaka 1875, chini ya wamisionari wa Church Missionary Society (CMS), na kengele ambayo Kengeleni imepata jina lake bado iko njiapanda, matatu zikiizunguka bila kuiamkia. Mke wangu alishika mkono wangu mpaka tukatoka nje, kisha akakumbuka kwamba sijamnunulia viazi.

Tukarudi sokoni, na hapo ndipo nilipoaibika hasa. Kina mama walikuwa wamepanga mafungu yao chini. Nikamwendea bibi mmoja.

"Nipe viazi."

"Hujambo, baba?"

"Sijambo. Viazi."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Vile pale."

"Hizo mbatata. Viazi hivi hapa," akanionyesha viazi vitamu. Kisha, bila ukali wowote, kwa upole uliozidi kuumiza: "Nyinyi watu wa Kenya mna haraka. Hata mkiomba mnaamrisha. Sema, naomba unipatie mbatata."

Mimi! Mtu wa Mombasa! Sisi ambao mtu wa Nairobi akija pwani akasema "leta chai" tunatazamana na kutikisa vichwa. Nikasema, "Naomba unipatie mbatata," kama mtoto wa chekechea, na mke wangu akaangalia kando mabega yakimtetema. Kwa mara ya kwanza maishani niliwaonea huruma watu wa Nairobi. Ilipita.

Doriani tuliinunua, kwa elfu kumi na tano. Mlinzi wa nyumba ya wageni aliinusa tukiwa bado kona ya uchochoro, akatoka kutupokea kwa mikono iliyonyooshwa mbele, akituzuia. Tukaila barazani usiku, kwa mwanga wa simu, paka watatu wametuzunguka halafu wakaondoka wenyewe. Ukiipasua, ndani mna vyumba, na kila chumba kina nyama ya manjano iliyolala kama kitoto, laini kama samli iliyoanza kuganda. Ladha ni ya maziwa matamu yaliyokorogwa kwenye sufuria iliyopikiwa vitunguu jana. Mke wangu alimaliza fungu lake, akamaliza langu.

Forodhani tulikwenda siku ya pili, magharibi. Niliyaona mambo. Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar ni mkate wa mayai wetu uliopata pasipoti: unga ule ule umetandazwa mpaka ukaona mkono kwa upande wa pili, nyama ya kusaga, yai, vitunguu, kisha wakaongeza jibini na mayonezi ili mgeni asiogope. Urojo nao nikausimamia kama mkaguzi. Muuzaji alitia mbatata, bajia, kachori, yai la kuchemsha, mishkaki miwili akiivua kijitini kwa kidole gumba, akamwagia rojo la ndimu na embe bichi, chatne ya nazi, pilipili, akamalizia kwa konzi ya muhogo mkavu uliokaangwa. Bado unalia kwa ukavu, rojo linaupanda taratibu.

Ni viazi vya rojo vya Kengeleni. Vimeolewa vizuri, basi. Nilikula bakuli la pili ili kuhakikisha, na kwenye video ya mke wangu, ambayo imeshatazamwa na ukoo mzima, inaonekana nimefumba macho. Ulikuwa moshi wa mishkaki.

Tumerudi na karafuu, mdalasini, na deni dogo. Juzi asubuhi nimekwenda Kengeleni kwa mama muuza viazi, ninayemjua miaka kumi sasa.

"Umeamkaje, mama? Watoto hawajambo? Naomba unipatie viazi vya rojo."

Akaweka upawa chini, akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye ndara.

"Leo," akasema, "sikopeshi."