Sifa za Kuburuza Mkia

Kila siku husifiwa washindi. Leo nausifu mkia, na haki ya kuusemea ninayo: miezi minane nimeushika katika mashindano ya magari ya kwenye kompyuta, na hakuna aliyewahi kuninyang'anya.

Mkia ni amani. Pale Spa-Francorchamps, Ubelgiji, mzunguko una urefu wa kilomita 7.004, na kona ya kwanza, La Source, imekunjika kama kiwiko. Taa zikizimika, magari 25 huikimbilia, kila dereva akijiona yuko peke yake duniani. Hugongana. Mimi, kawia ufike, napenya taratibu katikati ya vyuma nikiwapa pole, na kabla ya kona ya pili nimeshawapita tisa. (Wote hunirudia kabla ya mzunguko wa tatu, lakini hayo si ya leo.)

Tena aliye mkiani hakosi udhuru. Matairi yamejaa upepo mno, breki za mbele zimezidi za nyuma, seva iko Ulaya nami niko Tanga. Niliwahi kumwomba bingwa mmoja vipimo vya gari lake. Lilinizungusha kama pia, kwani alikuwa amelilegeza nyuma ili likate kona upesi, na mkono wa kulidaka alibaki nao mwenyewe. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Usukani niliukaza nguvu hadi mwisho, mwanamume mzima nishindwe na plastiki? Kumbe mota yake ikishafika kikomo, ukingo wa barabara, shimo na tairi linaloteleza vyote humsukuma dereva kwa nguvu ileile. Nilivuja jasho bila kuambiwa lolote. Upana wa mtazamo nao niliufungua hadi miti ya Ardennes ikapita kama risasi. Raha iliyoje! Ila picha ikitanuliwa hivyo, kona huonekana iko mbali kuliko ilivyo, ndiyo maana kila breki yangu niliikanyagia kwenye changarawe.

Wiki iliyopita shetani alinipitia. Nilichukua rula, nikapima kutoka jichoni hadi kwenye skrini, nikaipa programu namba ile. Gari likaonekana linatambaa. Nikaulegeza usukani. Nikapunguza upepo wa matairi, nikazunguka mara kumi peke yangu, saa ikiandika. Nikarudisha breki nyuma kidogo, mara kumi nyingine. Hapakuwa na wa kugongana naye wala wa kumlaumu. Sijapata kuchoka namna ile.

Jumamosi nimemaliza wa 14. Wenzangu waliniuliza kulikoni, nikakosa hata udhuru mmoja wa kuwapa.

Basi nafasi ya mwisho iko wazi. Anayeitaka awahi, tunaanza saa tatu usiku.