Namna ya Kumtania Mwenzako Ukiwa Darasa la Tatu, Tabora

Kwanza kabisa, hakikisha umeshamsaidia. Utani wa huku una masharti ya zamani kuliko reli iliyofika mjini mwaka 1912. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, miezi kwa miguu, wakikatiza nchi za watu wengine, Wazaramo wakiwemo. Walihitaji maji, chakula, na mtu wa kuwazika wakifia njiani. Wazee husimulia kuwa ndipo Mnyamwezi na Mzaramo wakawa watani: ruhusa ya kumkejeli mwenzako hadi chozi la kicheko limtoke, pamoja na wajibu wa kufika msibani kwake na kushika jembe.

Kwa hiyo, kama alipoanguka kwenye rede ulicheka ukaenda zako, bado huna kibali. Mwinue, mpanguse vumbi magotini. Kesho ndipo umwite Kobe.

Kisha mtazame usoni. Ulipokuwa mdogo ulidhani unachokijua wewe, kila mtu anakijua. Sasa una miaka 9, na unaweza kufikiri kwamba yeye anafikiri kwamba humpendi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Selman, alieleza kwamba kati ya miaka 7 na 12 hivi mtoto huanza kujiona kwa macho ya mwenzake. Uwezo huo utumie. Akicheka kwa mdomo huku macho yake yakiwa chini, nyamaza, mgawie embe, nendeni mkacheze chandimu.

Mgeni wa darasa mwache kwanza azoee. Utani wako usiguse kabisa viatu vya mtu wala mama yake.

Kuna neno moja nakuomba uliache: mtumwa. Utawasikia watani wazima wakiitana hivyo msibani, na watu wakicheka. Wao wanajuana ukoo kwa ukoo, na kila mmoja anajua mwenzake atastahimili nini. Wewe unajua jina la mwenzako na timu anayoshabikia. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara, na si wote waliopita hapa walikuja kwa hiari yao. Wengine walikuwa na minyororo shingoni. Vitukuu wao wanaweza kuwa wanakaa nawe dawati moja, na huenda nyumbani kwao jambo hilo halizungumzwi hata kwa kunong'ona.

Ukimuumiza, usiseme "nilikuwa natania tu." Hapo unamtwika mzigo wako, kana kwamba kosa ni lake kwa kuumia. Muombe radhi mbele ya walewale waliocheka. Akikataa, ngoja, usimvute mkono.

Mazoezi yafanyie kwa bibi, kwa kuwa mjukuu na bibi ni watani wa kuzaliwa. Atakuita mume wake au mke mwenza wake. Mwambie amezeeka, babu anatafuta mwingine. Akikujibu kwa jambo kali zaidi hadi ukose la kusema, keti hapo, umenye karanga, umsikilize anavyolipanga.