Mgeni Afugaye Mbu

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilisafiri kwa meli kupitia Hamburg, na ilipoteremshwa Tanga iliyokuwa bado hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba ya mkonge ayaonayo msafiri akishuka kutoka Korogwe kuelekea baharini. Safari ya upande wa pili ilikuwa na nafuu zaidi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, alimpelekea baba yake mbegu za ua dogo la zambarau alilolikuta huku Tanga, na ua hilo likazoea Ulaya kama limezaliwa huko. Leo liko madirishani mwa watu dunia nzima, na halikuhitaji dalali wala mjumbe wa nyumba kumi.

Watafiti wa kigeni wako kati ya mkonge na ua. Hawafi njiani, lakini kuzoea wenyewe hawawezi. Mkoa huu unawapokea tangu 1902, Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo kule Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki. Robert Koch naye alifanya kazi pale kwa muda. Waingereza wakakirithi kituo, baadaye kikawa cha malaria, na siku hizi Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina watu wake Muheza, Korogwe na Tanga mjini. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa kwa watoto katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Korogwe kilikuwa kimojawapo. Kazi za namna hiyo huleta wageni, na kila mgeni anahitaji mtu wa kumtafutia chumba, laini ya simu, na mama ntilie asiyezidisha pilipili.

Mmoja wa watu hao ndiye aliyeshika kalamu hapa. Ataitwa Mwenyeji, maana mtu akijitaja "mimi" kila mstari, Tanga humwona ana makuu.

Wageni wengi huja wakiogopa karatasi. Zinaogopwa bure. Kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na ofisi zake ziko Kijitonyama, Dar es Salaam, mahali ambapo hata kituo cha daladala kimepewa jina la Sayansi. Mgeni mmoja alimsikia konda akining'inia mlangoni na kupaza sauti, "Sayansi! Sayansi! Sayansi!", akadhani ni hamasa ya umma, akapiga makofi. Ukishapata kibali hicho unakwenda Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi daraja C, na mambo yanasonga. Hodi lazima ipigwe, basi. Waliowahi kuingia Tanga bila kusubiri kukaribishwa ni jeshi la Uingereza lililoletwa kutoka India, Novemba 1914, na miongoni mwa waliosaidia kulirudisha melini walikuwa nyuki.

Kazi yenyewe huanza baada ya karatasi, wakati barua inaposhuka ngazi: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Kila ofisi ina kitabu cha wageni, na kila kitabu kina safu iitwayo Madhumuni. Tangu nchi ipate uhuru, Watanzania wamekubaliana kimyakimya kwamba safu hiyo hujazwa neno moja, "Kikazi". Aliyekuja kuomba hati ya kiwanja aliandika Kikazi. Aliyekuja kumsalimia shemeji yake wa masjala, Kikazi. Mtafiti wa kigeni yeye husoma swali akalijibu. Mwenyeji amewahi kusimama nyuma ya bwana mmoja aliyeieleza tabia ya mbu jike kutaga mayai, herufi ndogondogo, akavuka mstari, akaingia kwenye nafasi ya mgeni wa kesho, kisha akageuka kuuliza kama kuna karatasi ya ziada. Foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe.

Baada ya hapo, nyumba. Dalali wa Tanga ni mtu mkweli kwa namna yake. Akisema nyumba iko karibu na bahari, bahari ipo, ila uione kwa kupanda kwenye mnara wa tangi la maji. Akisema pana utulivu, hakudanganyi: saa ile mliyofika palikuwa na utulivu. Kwamba ukuta wa pili ni ukumbi wa harusi, na kwamba Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kigodoro kitapigwa hadi wapishi wasinzie, hilo hukumuuliza. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita mkononi, na mgeni, ambaye kwao hulipa mwezi kwa mwezi, anaanza kumtazama Mwenyeji kana kwamba yumo kwenye njama.

Umeme hauna matata sana, LUKU ni tarakimu 20 unazibonyeza taa zinawaka. Matata ni pale mita ni moja na wapangaji ni watatu, na mmoja wao anauza barafu.

Lakini siku itakayosimuliwa mtaani kwa miaka ni ya yule dada wa Ulaya ya kaskazini, mtafiti wa mbu. Alikuwa ameshinda juani akichota viluwiluwi kwenye madimbwi ya vijijini, na kwa kuwa gari la kumpeleka maabara lingekuja asubuhi, aliviweka kwenye mabeseni barazani nyuma, akavifunika kwa kipande cha chandarua, akaenda kuoga. Binti aliyemsaidia kazi za nyumbani akapita na ufagio. Binti huyu amesoma shule ya msingi ya serikali. Tangu darasa la kwanza ameambiwa na mwalimu, bwana afya, redio na mabango ya zahanati kwamba maji yaliyotuama humwagwa. Akamwaga. Akasugua na mabeseni kwa sabuni ya unga, akayaanika yakiwa yamelala kifudifudi.

"Dada," akamwambia mgeni kwa furaha, "nimekuokoa. Yale maji yalikuwa yameshaanza kuzaa mbu."

Dada wa watu akakaa kwenye ngazi akalia.

Kilio Tanga hakina siri. Kabla ya Magharibi wanawake wa mtaa walishafika na kanga zao mabegani, wakavua viatu mlangoni, wakaketi mkekani. "Pole mwaya." "Ndiyo dunia." Mama mwenye nyumba akaleta uji wa pilipili manga. Aliyefiwa nani hakuna aliyejua, na kuuliza mapema si adabu, kwa hiyo Mwenyeji alipowasili alikuta msiba umekamilika, umekosa maiti tu. Ikambidi aeleze. Kukawa kimya. Kisha bibi mmoja akauliza taratibu, "Walikuwa wangapi?" Mgeni akamjibu kwamba walizidi elfu mbili. Bibi akashika tama. "Elfu mbili! Pole sana, mwanangu."

Mjumbe wa nyumba kumi alikuja na tochi, akataka kujua kama mbu wale walikuwa na kibali. Kibali kikaletwa. Akakisoma chote, pamoja na muhuri, akakirudisha. "Hapa wameandikwa kuchunguzwa," akasema. "Kufugwa sikuona."

Mwenyeji, aliyekuja na hotuba ya kupatanisha, hakuitumia, wala haikuhitajika. Kwenye pwani hii mgeni anayetembea na sindano na sanduku la baridi ana kazi kubwa ya kueleweka. Enzi za ukoloni watu wa namna hiyo walisingiziwa umumiani, kwamba wananyonya damu za watu, na masikio ya wazee hayajasahau kabisa. Huyu kwa jioni moja alikuwa amefahamika hadi sokoni Ngamiani. Alipopita na baiskeli, chombo ambacho Tanga hakuna aliye mkubwa kiasi cha kukionea haya, watoto walimkimbilia wakiwa na mbu ndani ya chupa za maji. Wengi walikuwa wamekufa, na baadhi walikuwa nzi. Alishukuru kwa wote.

Kuna wageni ambao mbu si shida yao. Kigombe, kusini mwa mji, huja wanaotafuta silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaanza kunaswa kwenye jarife za wavuvi wa huku, tena si mmoja, na mwaka 2009 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Profesa mmoja alishuka garini Kigombe akiwa na picha ya samaki huyo mkononi, akawaendea wazee waliokuwa kwenye kahawa, akauliza papo hapo lini walimwona mara ya mwisho.

Wazee wakaitazama picha. Wakamtazama profesa. Wakamgeukia Mwenyeji, aliyekuwa bado anafunga mlango wa gari.

"Shikamooni wazee," akasema Mwenyeji.

"Marahaba. Za huko mtokako?"

"Salama."

"Watoto?"

"Wazima."

"Karibuni kahawa." Profesa akapewa kikombe, akaambiwa akiguse kwa juu, asije akaungua. Zikafuata habari za mvua, bei ya mafuta ya mashine na mtu aliyefungwa bao jana. Kikombe cha pili kilipoisha, mzee mmoja akaichukua picha.

"Huyu? Tunamjua. Ana mafuta huyu, si wa kula. Kwenu mnamvua?"

"Kwetu hayupo kabisa," akajibu profesa.

"Aa." Mzee akampa picha, akamwegemea Mwenyeji. "Sasa tuje kwenye la maana. Ameoa huyu?"